Mwisho wa Bomba

Usianzie tangini, Joelle. Anza mwisho wa bomba,
kwa Dulcie Keeping, nyumba ya kijani iliyoupa upepo mgongo,
maana maji yakifika kwake yamechoka:
yametembea siku nne chini ya mawe na theluji,
yamelala konani, yameamka, yamesahau yalikotoka.
Bisha mara moja tu. Atafungua kabla hujashusha mkono.
Acha bomba la jikoni limwage
hadi baridi yake ibadilike kiganjani.
Utaijua. Mkono hujifunza kabla ya kichwa.

Kisha kichupa. Kisha unga, pakiti moja, usiupumulie.
Tikisa. Ngoja.
Yakigeuka waridi, klorini ingali zamuni.
Waridi kama ufizi wa mtoto: inatosha.
Waridi kama viatu alivyoolewa navyo Verna: umezidisha,
watakupigia simu kwamba chai inanuka bwawa la kuogelea.
Yakibaki kama yalivyo, usiandike "karibu".
Andika sifuri.
Mwaka wa tisini na nane niliandika "karibu",
na wiki ile watoto kumi na mmoja wa shule
walishinda wameshika matumbo.
Daftari lile lipo rafu ya juu. Usilitupe.

Ungedhani basi dawa ni kuongeza dawa.
Nami nilidhani. Nikaikaza pampu, nikaenda kulala.
Lakini umeliona ziwa letu,
rangi ya chai iliyosahauliwa mekoni,
mboji ya Newfoundland ikijikamua humo kila mvua inyeshapo.
Klorini haichagui. Inaua kijidudu,
na kwa mkono uleule inashikana na jani lililooza,
wanazaa kitu kisicho na rangi,
chenye jina refu kuliko barabara yetu.
Sikuwahi kulitamka sawasawa. Nilikiita mtoto wa nje.
Hakikuumizi leo. Ndiyo shida yake.
Kinahesabu miaka.

Kila miezi mitatu, vichupa viwili vya kwake:
jaza mpaka maji yavimbe mdomoni
kama jicho linalokaribia kulia,
funika, pindua. Kipovu kimoja kikipanda,
chukua kichupa kingine uanze upya.
Sanduku la barafu, feri ya saa nne, maabara St. John's.
Majibu huja wiki ya tatu, kwa barua,
maji yenyewe yameshakuwa supu na jasho.

Septemba: mia moja na kumi na nane. Mpaka ni mia.
Niliisoma mbele ya baraza, watu sita na chupa ya kahawa.
Hedley akauliza, "Tupunguze dawa?"
Nikasema, kwa tumbo la nani?
"Basi tununue mtambo wa kuchuja."
Kwa nyumba sabini na mbili, na mimi mnanilipa nusu siku.
Mtu akajimiminia kahawa kwa muda mrefu sana.

Nilichoweza ni hiki. Nikauinua mrija wa kuvutia maji
kutoka kwenye tope la chini,
na kila Jumanne usiku nikawa nafungua bomba la mtaro huko mwisho,
nasimama na tochi, maji yasije yakazeeka njiani.
Desemba: tisini na sita.
Niliisoma barua ile ndani ya gari, injini imezimwa,
mpaka kioo kikajaa pumzi yangu.

Jambo moja zaidi, halafu funguo ni zako.
Dulcie hayanywi.
Miaka kumi na tisa nimepima maji ya sinki lake,
na juzi tu ndipo nikaona, nyuma ya mlango,
madumu saba ya chemchemi ya kando ya barabara,
ile ambayo hakuna aliyewahi kuipima.
"Hayanuki," akasema.
Nilitaka kukasirika. Akaweka birika motoni.
Nikamuuliza, hii chai ni ya maji yapi?
Akacheka, akasukuma sukari upande wangu.

Nilikunywa.
Kesho beba kichupa cha ziada.